Mstari Mwekundu wa Ubavu wa Kushoto

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukwangua. Sikuuliza. Nilichukua msasa wa maji nikakikwangua chombo cha mtu pande zote mbili, mpaka plastiki ya kijivu ikatokea, na ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nimemaliza na najisikia fundi.

Kazi yangu ni kupaka rangi pikipiki: matenki, madigadi, vifuniko vya pembeni. Sikusomea popote. Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video za watu wanaozungumza lugha nisizozijua. Nilikuwa nazima sauti na kuangalia mikono yao. Kibanda changu kiko Sumbawanga mjini, nyuma ya kijiwe cha bodaboda, na ukuta mmoja unapakana na uwanja wa wafanyabiashara wa mahindi. Kwa mtu wa rangi hakuna jirani mgumu kama mahindi. Kiangazi upepo wa huku juu ukishaanza, pumba zinapaa kutoka uwanjani na kutafuta rangi mbichi popote ilipo. Kwa hiyo napaka asubuhi mapema kabla hawajaanza kupepeta, halafu kila nilichopaka nakifunika kwa ndoo kubwa iliyopinduliwa. Mteja akija anakuta ndoo zimepangwa sakafuni kama kuku wanaoatamia.

Mimi ni mwoga, na heri niseme mapema. Kinachonitisha ni jicho la mteja pale linapopita juu ya kazi yangu halafu likasimama mahali. Kwa sababu ya jicho hilo madigadi moja naweza kuipaka, kuikwangua na kuipaka tena mara tatu. Kuna dereva mmoja wa kijiweni, mshikaji wangu tangu shule ya msingi, aliwahi kuniachia tenki lake siku tano. Siku ya tano alikuja akasimama mlangoni.

"Kaka, mimi nataka kubeba abiria. Sio naenda kuoa."

"Kuna kialama kidogo hapa chini."

"Chini ya tenki? Nani atalala barabarani aangalie chini ya tenki?"

Mimi ningelala. Hilo ndilo tatizo langu.

Halafu kuna desturi ya kazi yetu, ambayo hakuna aliyeiandika lakini wote tunaifuata: hupaki juu ya rangi ya fundi mwingine. Ukipaka juu yake na ile ya chini ikabanduka, lawama ni yako. Mwenye pikipiki atakuja kukuaibisha mbele ya kijiwe kizima, na yule aliyepaka vibaya yuko kwake anakunywa chai. Kwa hiyo kitu kikiletwa, cha kwanza ni msasa. Hatuulizi nani alipaka. Tunaona tu kwamba alipaka vibaya, tunasonya, tunaanza.

Mwenye chombo alikuwa mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, mtu wa Mbeya aliyeletwa huku na kazi ya serikali akiwa kijana na hakurudi tena kwao. Viwanja vingi vya mji huu yeye ndiye aliyeviwekea mawe ya mipaka, na watu wanamwogopa kidogo, kwa sababu hata akiwa kanisani utamwona anakagua kama mabenchi yamenyooka. Miaka michache iliyopita alianguka kwa kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilipooza, na maneno yakawa yanatoka polepole, lakini makali yake hayakupungua.

Zamani, akiwa bado kazini, familia moja ya wageni wa mradi wa maji iliuza vitu vyake kabla ya kurudi kwao. Wenzake waligombania friji na magodoro. Yeye alinunua kisanduku cha vipande vidogo vya plastiki. Alipostaafu ndipo akaviunga kwa gundi, kipande kwa kipande, mpaka kikatokea chombo cha kusafiria angani, kirefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, chenye mabawa mawili mafupi, mitungi mitatu ya moto nyuma na kijichumba cha rubani mbele. Alikipaka rangi nyeupe, na kila ubavu ukawa na mstari mmoja mwekundu kutoka puani hadi mkiani. Hiyo ndiyo kazi aliyoniita nyumbani kwake kunikabidhi.

"Bawa limebanduka," alisema. "Mgongo umepauka kwa jua la dirishani. Rekebisha rangi. King'ae."

"Sawa, mzee."

"Wewe ndiye unayerudia madigadi mara tatu?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Wengine wanapaka kama wanafukuzwa na nyuki."

Nilikibeba kwenye boksi la biskuti na nikatembea kwa miguu hadi kibandani, kwa kuogopa matuta. Njia nzima nilikuwa nafungua boksi kuangalia kama mabawa yapo. Yalikuwepo. Nikawa nafunga, natembea hatua ishirini, nafungua tena.

Nilipokiweka mezani ndipo nilipoona mistari. Ule wa ubavu wa kulia ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa na watu wawili. Ule wa kushoto ulikuwa aibu. Ulianza vizuri puani, ukashuka, ukapanda, ukanenepa, ukakonda mpaka ukataka kupotea, na karibu na mkia ukaruka kabisa na kuanza upya chini kidogo ya pale ulipoishia. Nilidhani alichoka, au alimwachia mtu mwingine amalizie. Nilidhani mengi lakini sikurudi kuuliza, kwa sababu kumuuliza mzee kwa nini mstari wako umepinda ni kumtukana.

Nina mazoea ya kupiga picha kila kazi kabla na baada, naweka kwenye statasi ya simu watu waone. Nikaupiga picha ule ubavu wa kushoto kwa karibu, nikauweka, na chini yake nikaandika: "Kabla. Huyu fundi alikuwa amekunywa ngapi?" Nikaongeza vile vikatuni vya kucheka machozi. Halafu nikachukua msasa.

Kazi yenyewe sitaisema vibaya, kwa sababu ilikuwa nzuri. Nilipaka praima nyembamba mara mbili. Nyeupe nikaipuliza kwa umbali mpaka ikatulia bila chozi hata moja. Kwa mistari nilibandika tepu ya karatasi, nikaisugua kingo kwa ukucha, nikapaka nyekundu, nikaivua tepu ikiwa bado na ubichi. Mistari miwili, kulia na kushoto, mapacha. Mshikaji wangu alipita akakiona.

"Duh! Sasa sisi wachawi wa Sumbawanga tumeacha kupaa na ungo, tunatumia mitambo."

"Acha utani."

"Watakuja kutoka Dar kukodi hiki. Kinabeba wangapi?" Akainama kukiangalia vizuri. "Na ule mstari wa mlevi umeupeleka wapi?"

"Nimeunyoosha."

"Umefanya la maana."

Nilifurahi siku nzima. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilifurahi.

Kesho yake asubuhi chombo kilikuwa chini ya ndoo nyekundu, mstari wa mwisho haujashika sawasawa, mke wa mzee alipoingia kibandani na kikapu cha sokoni. Nilimpa stuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimepita tu." Alikaa, akaweka kikapu mapajani, akaangalia mlangoni kama mtu anayehakikisha hakufuatwa. "Mzee wako hajui kama nimekuja. Nilimuuliza jana, umemwambia kijana habari ya mstari wa kushoto? Akasema, kwani hana macho? Huyu mtu hawezi kutaja ugonjwa wake. Sasa nimekuja mimi."

Nikasogea karibu na ile ndoo nyekundu.

"Ule mstari wa upande wa kushoto, ule uliopinda. Aliupaka baada ya kuanguka. Chombo chote kilikuwa tayari, ulikuwa umebaki huo tu, akaanguka. Miezi hawezi kushika kijiko. Nikamlisha kama mtoto, na unamjua alivyo, kila tonge ni ugomvi. Siku moja akasema nimletee brashi. Nikamwambia tumia mkono wa kushoto. Akakataa. Akashika kwa huo huo uliokufa." Akakiweka sawa kikapu mapajani. "Siku alipoumaliza ndiyo siku aliyoanza kula mwenyewe. Kwa hiyo mengine yote paka. Huo usiuguse. Hujaugusa?"

Ndoo ilikuwa kati yetu, karibu na mguu wake.

"Sijaugusa, mama," nilisema.

Neno lilitoka lenyewe. Sikulipanga. Nilikuwa nimekwisha kulisema kabla sijajua kwamba nimelisema.

"Afadhali. Kiko wapi nikione?"

"Hapo chini ya ndoo, mama, ila rangi ya mgongo bado mbichi. Nikifunua, pumba zitaingia."

Alitazama ile ndoo. Nilikuwa nasikia genge zima la wapepetaji kule uwanjani, mahindi yakimiminika kwenye turubai, na nilikuwa nahesabu. Mimi nikiogopa nahesabu kwa Kifipa, kama mama yangu mzazi alivyonifundisha nikiwa mdogo, na nilifika thelathini na kitu kabla yule mama hajasimama.

"Haya. Usije ukaharibu kwa haraka zangu. Mungu akubariki."

Alipotoka nilifunga mlango nikaketi sakafuni. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufuta ile picha kwenye statasi, na kwa kuifuta nikaona orodha ya walioiona. Mshikaji wangu alikuwemo, na yeye ndiye anayembeba yule mama karibu kila siku ya soko. Nikaona jinsi itakavyokuwa: wako barabarani, yeye anacheka, anasema mama, umeuona ule mstari wa mlevi? Na yule mama nyuma yake, ameshika kikapu.

Nilikuwa na siku tisa. Mzee alikuwa amesema Jumamosi ya wiki iliyofuata.

Siku ile ile ningeweza kukimbia nikamfikia kabla ya kona. Nimeifikiria sana ile kona. Badala yake nilikaa nikawaza kama fundi: kitu kimeharibika, kitengenezwe. Picha yenyewe ilikuwa bado ndani ya simu. Mstari niliukwangua, lakini sura yake ninayo. Nikaamua kuupaka upya uliopinda, vilevile ulivyokuwa, na hakuna atakayejua.

Nilikwenda duka la vipodozi kununua brashi ya wanja, kwa sababu zangu zote zilikuwa nene. Dada muuzaji aliniangalia.

"Ya nani?"

"Ya kazi."

"Kazi gani hiyo ya kupaka wanja? Basi chukua na kioo."

Wateja wawili walicheka. Siku nyingine ningecheka nao. Nililipa nikatoka bila kusubiri chenji, na alinipigia kelele mpaka nikarudi.

Nilikata vipande vya bati la madigadi chakavu, nikavipaka nyeupe, nikaanza kujifunza kupinda. Sikuwahi kujua kwamba ni kugumu. Mkono wangu kwa miaka minne nimeufundisha kitu kimoja tu, kwenda sawa, na sasa nilipouambia upinde ulipinda kwa adabu, kama mawimbi ya mchoro wa mtoto, yote yanalingana. Nikasema labda hofu itanisaidia, maana nilikuwa natetemeka kweli. Lakini mkono wa mwoga unatetemeka kwa vishindo vidogo vya harakaharaka. Ule wa mzee haukuwa hivyo. Ulikwenda mbali kabla ya kurudi, taratibu, kama mtu anayezunguka jiwe shambani.

Basi nikaikuza picha kwenye simu, nikaweka karatasi juu ya kioo, nikaufuata kwa penseli sentimita kwa sentimita. Nilifanya hivyo siku nne. Na kwa kuufuata hivyo nikaanza kuusoma, jambo ambalo sikulitaka. Pale uliponenepa, brashi ilisimama. Alikuwa anapumzika bila kuinua mkono, kwa sababu akiuinua asingejua kama utarudi. Pale ulipokonda, rangi ilimwishia na hakutaka kukubali. Palikuwa na vituo saba vya kupumzika katika mstari ambao mimi niliumaliza kwa pumzi moja na tepu. Na pale karibu na mkia, ulipokatika na kuanza upya chini, brashi ilimponyoka. Palikuwa na tone dogo la rangi pembeni, lililopanguswa vibaya. Aliiokota, au aliokotewa, akaendelea.

Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kugundulika. Baada ya kuona lile tone nikaanza kuogopa kitu kingine, na sikuweza kukipa jina. Nilikuwa nakula kidogo. Nilikuwa naamka na kwenda kugusa kufuli la kibanda. Mshikaji wangu akipita na pikipiki nasimama nisikilize kama anapunguza mwendo. Siku moja aliingia na kukuta vipande vya bati vimetapakaa, kila kimoja na mstari mwekundu uliopinda.

"Kaka, uko salama? Jana ulikuwa unanyoosha, leo unapinda."

Nikamwambia. Yeye ndiye wa kwanza. Nilimwambia kwa sababu nilitaka anyamaze, lakini aliposikia yote alivua kofia yake ya chuma akaishika kifuani.

"Mimi sijamwambia mama kitu," alisema. "Ila kaka, kamwambie mzee."

"Ataniua."

"Hana mkono wa kukuulia."

Tulicheka, halafu nikaona haya kwa kucheka.

Sikumsikiliza. Siku mbili kabla ya Jumamosi niliukwangua mstari wangu ulionyooka na nikaupaka ule wa kughushi. Ulitoka sawa. Vituo saba, mkatiko wa mkiani, hata lile tone. Nilisimamisha simu kando ya chombo nikalinganisha mpaka macho yakatoa machozi, na sikuona tofauti. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikuweza kuiangalia.

Jumamosi nilikwenda. Mzee alikuwa amekaa sebuleni kando ya dirisha, blanketi mapajani kwa baridi ya asubuhi. Mke wake aliweka chai na viazi vitamu. Nikatoa chombo kwenye boksi. Alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakiegemeza kwenye ule wa kulia uliolala, akakigeuza polepole. Jicho lake likapita mgongoni. Likapita bawani. Likapita ubavu wa kulia, na hapo alitikisa kichwa kwa kukubali. Halafu akakigeuza upande wa pili, na jicho likasimama.

Nilihesabu.

"Umeuacha," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Nilidhani utaunyoosha. Nyie vijana." Akaweka kidole juu ya mstari, karibu na pua. "Hapa nilianza baada ya chai. Naona brashi inakwenda, nikasema, ah, kumbe. Hapa," akasogeza kidole hadi kituo cha kwanza, "bega likaganda. Nikasubiri. Huyu mama akaniita nikaoge. Nikakataa."

"Ulinitukana," mke wake alisema kutoka mlangoni.

"Nilikutukana. Hapa nilipumzika tena. Hapa nilitaka kulia, lakini nilikuwa na hasira, kwa hiyo sikulia."

Alikuwa anasimulia kwa kidole, kituo kwa kituo, na kila alipogusa palikuwa pangu. Maneno yalikuwa yake, ya kweli yote, na rangi chini yake ilikuwa ya uongo. Alikuwa amebakiza vituo viwili kufika mkiani. Nilijua kule mkiani kuna nini, na nikaona siwezi kumsikiliza akisimulia brashi ilivyomponyoka huku akigusa tone nililoliweka mimi kwa ncha ya brashi ya wanja.

"Mzee, huo sio wa kwako," nilisema. "Ni wangu. Wa kwako niliukwangua siku ya kwanza. Sikujua. Halafu mama alipokuja kuniambia nikamdanganya, nikaupaka huu kwa kuiga picha."

Nilisikia mama akiweka kitu chini jikoni, sufuria labda. Mzee aliondoa kidole chake. Aliangalia kile kidole, kama kimeshika uchafu, halafu akakiweka chombo juu ya meza, kwa uangalifu, mbali naye.

"Nenda," alisema.

"Mzee, naomba—"

"Kijana. Nenda."

Mama alinitoa hadi getini. Hakupaza sauti. "Uliniangalia usoni," alisema. "Nimekaa kwenye stuli yako, ukaniangalia usoni." Akafunga geti.

Wiki tatu zilizofuata sikuwa na faida kwa mtu yeyote. Nilikuwa napita njia ya mbali kwenda sokoni. Jumapili nilikaa benchi la mwisho na kutoka kabla ya wimbo wa kufunga. Nilikuwa nimeamini kwamba ukishasema ukweli kifua kinafunguka. Changu kilibana zaidi. Kila pikipiki iliyoletwa niliiangalia rangi yake ya zamani na mkono ukakataa kushika msasa. Dereva mmoja aliyetaka kuwahi safari ya Muze alichukua tenki lake likiwa nusu akalipeleka kwa fundi mwingine, na alikuwa na haki.

Halafu mchana mmoja mshikaji wangu alizima pikipiki mlangoni.

"Mzee anakuita."

"Amesemaje?"

"Amesema uje na rangi nyekundu. Na amesema, usije na vile vibrashi vyako vya wanja."

"Alisema kwa hasira?"

"Yule? Yeye hata akiomba chumvi ni kwa hasira. Panda."

Nilimkuta pale pale dirishani. Chombo kilikuwa mezani, na ubavu wa kushoto ulikuwa umechakazwa. Alikuwa ameukwangua mwenyewe ule mstari wangu, kwa wembe, kwa mkono wa kushoto. Plastiki ilikuwa na mikwaruzo mirefu mpaka bawani. Kazi yangu safi kuliko zote. Vidole vyangu vilitaka kuokota msasa, angalau kuilainisha ile mikwaruzo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fungua rangi. Kishike chombo kisitikisike. Ukinisaidia zaidi ya hapo nitakupiga."

Mama alimfungia brashi mkononi kwa kitambaa, vidole vya kulia vikikunjwa kimoja kimoja kuzunguka mpini. Niliona kwamba mkono ule ulikuwa umedhoofika kuliko nilivyodhani. Alichovya. Tone likaanguka kwenye blanketi na hakuna aliyelisemea. Akaiweka ncha puani mwa chombo, na ikaanza kwenda.

Sijawahi kuogopa kama mchana ule. Nilikishika chombo kwa mikono miwili na nikaona kila kitu kabla hakijatokea: hapa itashuka, hapa rangi itajaa, hapa itagusa bawa. Iligusa bawa. Ilikuwa rahisi sana kugeuza chombo kidogo, unywele mmoja tu, kuupeleka mstari unakotakiwa, asingejua. Sikukigeuza. Alisimama, akapumua kwa mdomo, akaendelea. Alisimama tena. Mama alitoka, akarudi, akakaa. Jua lilihama kutoka mezani hadi sakafuni.

Alipofika zaidi ya nusu, mkono ulishuka wenyewe juu ya mapaja, na brashi ikaburuta doa jekundu ubavuni. Akaliangalia.

"Basi," alisema. "Umeishia hapo."

"Utamalizia kesho," mama alisema.

"Nimesema umeishia hapo." Akanigeukia. "Vipi, fundi? Sema."

Mama alinitazama.

"Umepinda, mzee. Umepinda kuliko ule wa kwanza. Na haukufika mwisho."

"Naona," alisema. "Mimi ndiye mpimaji hapa." Akautazama mstari tena toka puani. "Ule wa kwanza ulikuwa mzuri, na wewe uliufuta. Sijakusamehe vizuri bado. Wakati mwingine utakuja kunywa chai na nitakuwa nimekusamehe, na siku nyingine utakuja nitakuwa nimekumbuka. Uje tu."

"Sawa, mzee."

"Nifungue mkono, huyu mama asije akaunguza ugali."

Nilimfungua kile kitambaa mkononi. Nimekwenda mara nyingi tangu hapo, na ni kama alivyosema: kuna siku ananipokea vizuri na kuna siku haongei nami mpaka chai inapoa.

Mimi bado ni mwoga, na bado narudia madigadi mara tatu. Kilichobadilika ni kwamba nikiharibu kitu cha mtu, namwendea siku hiyo hiyo na kumwambia.